Nani Aliiona Simu Ikikatwa: Kutafuta Kasoro katika Hesabu za Simu za Intaneti

Hesabu za simu ni jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mhasibu na fundi mmoja wakivutana mwisho wa mwezi.

Mvutano wenyewe mnaujua. Ankara ya kampuni ya simu imefika. Mhasibu ameiweka kando ya orodha iliyotolewa na seva ya simu ya ofisi, na dakika hazilingani. Fundi anaitwa, na swali analoulizwa ni moja: nani anadanganya, sisi au wao? Swali hilo hupoteza siku nzima. Katika simu za intaneti, seva mbili zinaweza kuandika muda tofauti kwa simu ileile, na kila moja ikawa imesema kweli ya kile ilichokiona. Rekodi ya simu ni ushahidi. Aliyeiandika alisimama mahali fulani njiani; ujumbe fulani ulimpitia, mwingine haukumpitia. Ukitaka kujua kwa nini mstari una kasoro, tafuta ujumbe uliouzaa mstari huo, halafu uulize ni ujumbe gani uliopaswa kufika ukapita kwingine. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na yote nitakayosema ni kuipima hoja hiyo kwa mifano.

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Baada ya Almon Strowger kupata hataza ya swichi yake ya simu mwaka 1891, mitambo ya kuunganisha simu bila opereta ilienea, na mita ya mteja ikakaa kwenye jengo lilelile uliloishia waya wake. Mtambo uliobeba sauti ndio uliohesabu. Uingereza ilifika mahali safu za mita zikawa zinapigwa picha ili ankara ziandaliwe, na aliyetaka kubishana alibishana na picha. Itifaki ya SIP ya simu za intaneti, ambayo msingi wake wa sasa ni hati ya RFC 3261 ya Juni 2002, ilitenganisha mambo hayo mawili. Maagizo ya simu yanapita njia moja, na sauti inaweza kupita njia nyingine kabisa kwa itifaki ya RTP. Seva ya katikati, ile tunayoiita proksi, huenda isibebe hata neno moja la mazungumzo, na bado tunaitaka iseme mazungumzo hayo yalidumu sekunde ngapi.

Kwa mifano yangu nimechagua Kamailio. Chimbuko lake ni SER, proksi iliyoanza mwaka 2001 katika taasisi ya Fraunhofer Fokus mjini Berlin. Mwaka 2005 lilichipuka tawi la OpenSER, ambalo mwaka 2008 lilibadilishwa jina likawa Kamailio, na mwaka huohuo OpenSIPS ikajitenga. Mwenye OpenSIPS atanifuata bila shida, kwani ndugu hawa bado wanafanana sana. Nyuma yake tuweke Asterisk, seva iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, ambayo yenyewe hupokea simu, husoma salamu na kuwapanga wapigaji kwenye foleni. Proksi mbele, Asterisk nyuma: ndivyo zilivyo ofisi nyingi na vituo vingi vya huduma kwa wateja.

Sasa tuitazame simu moja kwa karibu. Simu ya mpigaji inatuma INVITE. Proksi inajibu 100, maana yake nimepokea, subiri, kisha inaipeleka mbele. Upande wa pili unaanza kuita na kurudisha 180. Mtu anapokea, inarudi 200. Upande wa mpigaji unathibitisha kwa ACK. Wanaongea. Mmoja anakata, simu yake inatuma BYE, ya mwenzake inajibu 200, yamekwisha. Ujumbe wote huu umebeba Call-ID moja, na kila upande una tagi yake, ya mpigaji kwenye From na ya mpokeaji kwenye To.

Moduli ya acc ndiyo inayoandika hesabu katika Kamailio, na jedwali lake linaitwa vivyo hivyo. Lakini mstari mmoja wa jedwali hilo hauwakilishi simu moja. Kinachoandikwa ni muamala: mstari wa INVITE iliyojibiwa 200, na baadaye mstari wa BYE. Ndani yake utakuta jina la ujumbe, tagi mbili, Call-ID, namba ya jibu, maelezo ya jibu na wakati. Safu ya muda wa maongezi haimo. Muda hupatikana pale mtu, au programu ya mtu, inapouoanisha mstari wa INVITE na mstari wa BYE na kutoa wakati mmoja kwenye mwingine. Nawaomba mlishike hilo, kwa maana malalamiko mengi huzaliwa kwenye uoanishaji, wakati simu yenyewe ilikwenda salama.

Chukua lalamiko linalojulikana kuliko yote: simu zimeanza, hazijaisha. Jedwali limejaa INVITE, BYE hazionekani. Fundi mwenye haraka hukimbilia hifadhidata. Anapima nywila, anawasha upya MySQL, anaongeza nafasi kwenye diski. Lakini ikiwa INVITE zinaandikwa, hifadhidata inafanya kazi. Kinachotakiwa ni kuangalia njia. Simu ikishapokelewa, kila upande unajua anwani ya mwenzake kupitia kichwa cha Contact, na hakuna kinachozuia BYE kutumwa moja kwa moja bila kupita kwa proksi. Proksi inayotaka kubaki njiani lazima iandike anwani yake katika kichwa cha Record-Route wakati INVITE inapita, na kwenye Kamailio kazi hiyo hufanywa na amri ya record_route. Isipoandika, simu itakatwa proksi haina habari. Haikukosea kuhesabu. Haikuwepo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni chepesi: nasa INVITE inayotoka kwenye seva, kwa sngrep au tcpdump, na uisome. Record-Route ipo? Kama ipo, anwani iliyoandikwa humo inafikika kutoka upande wa pili? Hapa ndipo wengi huteleza. Seva ina anwani ya ndani inayoanza na 10 na anwani ya nje inayoonekana na dunia, nayo imejitambulisha kwa ile ya ndani. Simu ya mezani ndani ya jengo itaifikia. Kampuni ya simu iliyoko nje haitaifikia, na BYE yake itapotelea njiani. Ukiona kwamba simu zikikatwa na watu wa ofisini zinahesabiwa vizuri, na zikikatwa na watu wa nje hazina mwisho, usitafute mbali.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo kwa sura, ila chanzo chake ni tofauti kabisa. BYE imepita mbele ya proksi, umeinasa kwa macho yako, na bado haikuandikwa. Kamailio huandika hesabu ya muamala uliowekewa bendera, na BYE ni muamala mpya. Bendera uliyoiweka kwenye INVITE haihamii kwenye BYE. Katika faili la usanidi linalokuja na Kamailio bendera hiyo inaitwa FLT_ACC, na inawekwa mara mbili: mara ya kwanza INVITE inapoingia, mara ya pili katika sehemu inayoshughulikia ujumbe ulio ndani ya mazungumzo, pale inapogundulika kuwa ujumbe ni BYE. Fundi anayepunguza faili ili lisomeke huifuta ile ya pili akidhani ni marudio. Tena, bendera iwekwe kabla ujumbe haujapelekwa, na upelekwe kwa njia inayotunza muamala, yaani t_relay, kwa kuwa acc inategemea moduli ya tm. Ujumbe uliopitishwa bila kutunzwa muamala hauachi chochote cha kuhesabiwa.

Pale pale kwenye BYE, usanidi huo huweka bendera ya pili, FLT_ACCFAILED, inayosema: andika hata kama muamala umeshindwa. Wapo wanaouliza ya nini. Fikirieni umeme umekatika kwa mpigaji katikati ya maongezi. Simu yake imezimika bila kuaga. Mpokeaji anasikia kimya, anasema haloo, haloo, anakata. BYE yake inafika kwenye proksi, proksi inaipeleka kwa simu isiyo hai, na hakuna anayejibu. Muamala unaisha kwa 408. Bila bendera ile, BYE hiyo haiandikwi, na simu iliyokatwa kihalali na mtu aliye hai inabaki wazi kwenye vitabu. Kwenye mitaa ambayo umeme hukatika mara kwa mara, bendera hii ndogo inalinda watu.

Halafu kuna kasoro ambayo napenda kuwafundisha wanafunzi mapema. Mistari yote ipo, INVITE na BYE, lakini ripoti inaonyesha muda kwa baadhi ya simu tu, na nyingine zina sifuri. Ukizichambua unakuta zenye muda zote zilikatwa na mpigaji, na zenye sifuri zilikatwa na mpokeaji. Sababu ni kwamba katika SIP, From ni yule anayetuma ombi hili, si yule aliyeanzisha simu. Mpokeaji akikata, BYE inatoka kwake, kwa hiyo tagi yake inakaa kwenye From na ya mpigaji inahamia kwenye To. Programu ya ripoti iliyoandikwa kuoanisha mistari kwa Call-ID na tagi ya From haitaipata BYE hiyo abadani. Dawa yake ni mojawapo kati ya mbili. Ama ulizo la hifadhidata likubali tagi zilizogeuzwa, ama uwashe kigezo cha detect_direction ndani ya acc, ukihakikisha moduli ya rr inaambatisha tagi ya mpigaji kwenye Record-Route, maana bila tagi hiyo proksi haina namna ya kujua ujumbe unaelekea upande gani. Mimi napendelea ulizo lirekebishwe. Mistari ibaki kama ujumbe ulivyokuja. Anayetafsiri ndiye abebe kazi ya kutafsiri.

Uoanishaji una mitego mingine ambayo nitaipitia haraka. INVITE ya kwanza mara nyingi hurudishwa na 407 kudai nywila, na ile ya pili yenye nywila huja na Call-ID ileile. Ukihesabu miamala iliyoshindwa pamoja na iliyofaulu, kila simu itaonekana mara mbili. Mtu akiiweka simu kwenye kusubiri, inatumwa INVITE nyingine katikati ya mazungumzo, nayo ina tagi ya To tayari. Hiyo isihesabiwe kuwa simu mpya. Na simu moja inapoita kwenye meza tatu kwa pamoja, mbili zitakazoshindwa zitapata CANCEL na kumaliza kwa 487. Mwenye kuuza dakika asizitoze hizo.

Yupo pia mwizi. Kwa kuwa sauti haipiti kwa proksi, mpigaji mwenye simu aliyoichezea anaweza kutuma BYE ambayo proksi itaiona lakini upande wa pili utaikataa, kwa mfano kwa tagi isiyo sahihi, na jibu likawa 481. Proksi iliyoandika BYE bila mtu kuangalia namba ya jibu itaifunga hesabu, na wawili hao wataendelea kuongea bure. Ndiyo maana safu ya namba ya jibu isomwe hata kwenye BYE: 408 ni simu iliyozimika, 481 ni jambo la kuuliza. Na mwenye biashara kubwa apitishe sauti kwenye kifaa chake mwenyewe, kama rtpengine, ili awepo shahidi wa pili anayehesabu pakiti za sauti.

Nimetaja umeme kukatika. Sasa fikirieni umekatika kwa mpigaji, na upande wa pili hakuna mtu bali muziki wa foleni usiochoka. Hakuna atakayekata. Hapa moduli ya dialog ya Kamailio inaingia. Moduli hii hufuatilia mazungumzo mazima, na ukiiunganisha na acc itakuandikia rekodi moja yenye mwanzo, mwisho na muda, jambo linaloondoa adha ya kuoanisha. Lakini inahitaji kuujua mwisho. Isipoona BYE inasubiri hadi muda wake uishe, na usipoubadilisha muda huo ni sekunde 43,200, yaani saa 12. Ikishafika hapo, usipokuwa umewasha kigezo cha kuandika mazungumzo yaliyoisha kwa kupitwa na muda, rekodi haiandikwi kabisa. Ukiwa umekiwasha, unapata mstari wa simu ya saa 12. Yote mawili ni uongo mbele ya mteja: moja linasema hakupiga, la pili linasema alikesha akiongea. Mfanyakazi wa mapokezi anaweza kukatwa mshahara kwa mstari wa namna hiyo, na hilo linaniuma kuliko hasara ya kampuni, kwa kuwa yeye hana seva ya kumtetea.

Tiba ipo tangu Aprili 2005, katika hati ya RFC 4028. Pande mbili zinakubaliana kwamba kila baada ya muda fulani mmoja atume ujumbe wa kuthibitisha kuwa simu bado ni hai. Hati inapendekeza sekunde 1,800 na hairuhusu kushuka chini ya 90. Uthibitisho usipofika, simu inakatwa na BYE halisi inatumwa. Kwa simu za ofisi sekunde 1,800 ni nyingi mno kwa maoni yangu. Nusu saa ya simu ya kimataifa isiyo na mtu ni pesa. Upande wa Asterisk pia unaweza kuwekewa kikomo cha kukata simu isiyopokea pakiti za sauti, lakini angalieni: aliyewekwa kwenye kusubiri huwa hatumi sauti, naye asikatwe kwa pupa.

Jambo jingine la dialog ni kumbukumbu yake. Usipoiambia itunze mazungumzo kwenye hifadhidata, inayaweka kwenye RAM peke yake. Ukiwasha Kamailio upya saa nne asubuhi watu wakiwa wanaongea, hakuna simu itakayokatika, kwa sababu sauti haipiti humo. Wote wataendelea kuongea, kila kitu kitaonekana salama, na hakuna hata moja ya simu hizo itakayopata rekodi. Ukiona pengo la dakika kadhaa katika ripoti ya kila siku, linganisha kwanza na saa ambayo programu iliwashwa.

Wakati mwingine rekodi isiyo na kosa lolote ndiyo inayokuonyesha ugonjwa wa simu. Panga orodha ya siku kwa muda wa maongezi. Ukiona simu nyingi zimerundikana kwenye sekunde 31 au 32, hesabu ni sahihi na mtandao una kasoro. Anayepokea akishatuma 200, asipopata ACK hurudia kutuma kwa sekunde 32, yaani mara 64 ya nusu sekunde ambayo RFC 3261 inaiita T1, kisha hukata mwenyewe. ACK zinapotea, mara nyingi kwa sababu ya ruta inayobadilisha anwani au Contact yenye anwani ya ndani. Watumiaji watakuambia simu zinakatika ovyo. Hazikatiki ovyo, zinakatika kwa saa, na ni jedwali la hesabu litakaloonyesha hivyo kabla hujanasa pakiti hata moja.

Tukiingia Asterisk, ushahidi unabadilika, kwa sababu yenyewe ni mshiriki wa simu. Rekodi yake ina duration, inayoanzia simu ilipoingia hadi ilipoisha, na billsec, inayoanzia ilipopokelewa. Anayetoza kwa duration anamtoza mtu milio ya kuita. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba "ilipopokelewa" maana yake ni Asterisk ilipopokea, na Asterisk hupokea ili kusoma salamu. Mteja aliyesikiliza "bonyeza moja kwa Kiswahili" na muziki wa dakika sita bila kuhudumiwa ataonekana ANSWERED, na billsec yake itakuwa ya dakika sita. Kwa ankara ya kampuni ya simu hiyo ni kweli, wao walipokelewa na wanalipisha. Kwa meneja anayetaka kujua wateja wangapi walihudumiwa, ni takwimu ya kumpotosha. Atafute kumbukumbu za foleni, asitegemee rekodi ya simu.

Kwenye laini za kale za waya wa shaba hali ni mbaya zaidi. Laini ya analogi kwa kawaida haimwambii Asterisk kwamba upande wa pili umepokea. Kadi ikishamaliza kupiga tarakimu, Asterisk inaihesabu simu kuwa imepokelewa, na simu iliyoita bila kujibiwa inaandikwa kuwa na sekunde 40 za maongezi. Hoteli ndogo zilizobaki na laini hizo huwatoza wageni kwa simu ambazo hazikupokelewa, na mgeni akilalamika anaonyeshwa karatasi. Suluhisho lipo ikiwa kampuni ya simu inageuza ncha za umeme za laini wakati wa kupokelewa: uombe huduma hiyo, kisha uwashe answeronpolarityswitch katika usanidi wa DAHDI, programu inayoendesha kadi hiyo. Isipopatikana, hoteli isitoze simu fupi. Huo ndio uungwana, na wa kuumudu.

Tangu Asterisk 12, iliyotoka mwaka 2013, simu moja iliyohamishwa kutoka meza hadi meza huweza kuacha rekodi kadhaa, kwa kuwa kila jozi ya pande zilizounganishwa ina rekodi yake. Kujumlisha mistari yote ni kuhesabu mara mbili. Zikusanye kwanza kwa linkedid, ili simu moja ihesabiwe mara moja. Na kama umewasha uandishi wa mafungu ili kupunguza mzigo, jua kwamba rekodi zinakaa kwenye RAM zikisubiri fungu lijae, na programu ikianguka zinaondoka nazo.

Kuhusu RADIUS, itifaki ambayo seva ya simu huweza kuitumia kupeleka hesabu kwenye seva nyingine, nitasema machache. RFC 2866 ya Juni 2000 inataka seva ya hesabu ijibu pale tu inapokuwa imeandika kweli. Isipoweza kuandika, isijibu. Kanuni hii ni nzuri, ila ujumbe unapita kwa UDP, bandari 1813, na jibu likichelewa mtumaji hutuma tena. Hifadhidata iliyolemewa huishia na mistari miwili ya simu moja. Zuia marudio kwa Acct-Session-Id pamoja na aina ya ujumbe, mwanzo au mwisho. Hakikisha pia kamusi za pande zote mbili zina sifa zilezile, na hakuna upande uliosahaulika kwenye bandari ya zamani, 1646.

Mpaka hapa nimesema juu ya muda. Ankara ina mambo mawili mengine, namba na saa, na kwetu Afrika Mashariki kila moja lina kisa chake. Jedwali la bei hutafuta kiambishi kirefu zaidi kinachooana na namba iliyopigwa: 254 ni Kenya, 256 ni Uganda. Lakini watu wetu kwa miaka mingi wamepigiana kwa njia ya jirani. Kutoka Tanzania, Kenya hupigwa kwa 005 na Uganda kwa 006. Kutoka Kenya, Tanzania hupigwa kwa 007. Simu iliyopigwa hivyo haina 254 popote. Ikiandikwa kama ilivyobonyezwa, programu ya bei haitaijua, na itaitoza sifuri au itaitoza kama simu ya ndani. Zigeuzeni namba zote ziwe za mtindo wa E.164, yaani zinazoanza na msimbo wa nchi, kabla hazijaandikwa, na mtunze safu ya pili yenye tarakimu zilizobonyezwa, maana siku ya ubishi mtazihitaji zote mbili.

Saa nayo. Seva nyingi, hasa za kukodi nje ya nchi, zimewekwa kwenye UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Simu iliyopigwa saa 7 usiku tarehe 1 Machi inaandikwa 22:00 ya siku ya mwisho ya Februari. Kampuni ya simu inaiweka kwenye ankara ya Machi, wewe unaiweka Februari, na miezi yote miwili hailingani ingawa jumla ya mwaka iko sawa. Kabla ya kuanza ugomvi, panga orodha zote mbili kwa saa moja, na uhakikishe saa za seva zinasawazishwa kwa NTP.

Baada ya hayo yote tofauti ikibaki, tazama namna ya kuzungusha. Simu 100 za sekunde 61 ni sekunde 6,100, chini kidogo ya dakika 102. Anayezungusha kila simu kwenda dakika nzima anapata dakika 200. Hapo hakuna kasoro ya kiufundi. Kuna mkataba ambao haukusomwa, na kazi ya fundi ni kumwambia mhasibu hivyo waziwazi.

Mtaniuliza mtu aanzie wapi. Aanze na simu moja. Asianze na jumla ya mwezi, kwa sababu jumla huficha kasoro mbili zinazofutana. Piga simu ya majaribio mwenyewe, huku sngrep ikinasa; kata kutoka upande wa mpigaji, halafu rudia ukikata kutoka upande wa mpokeaji, halafu rudia ukichomoa waya. Kila mara chukua Call-ID na ufuate mstari kutoka pakiti hadi jedwali, kutoka jedwali hadi ripoti, kutoka ripoti hadi ankara. Mahali pa kwanza panapotofautiana ndipo pa kusimama.

Na ukikwama ukataka kuomba msaada kwa mafundi wengine, usitume faili zima. Mafundi wengi, kwa kiherehere cha kusaidiwa, huwapelekea watu wasiowajua rekodi ya siku nzima: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Anayepiga kliniki fulani kila Jumanne hakutoa ruhusa hiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na rekodi ya simu iliyo na namba ya mtu inaangukia humo. Chagua ile simu moja ya majaribio uliyoipiga mwenyewe. Ikiwa lazima iwe ya mteja, badilisha tarakimu za mwisho za namba kwenye From, To na Contact, zibadilike kwa namna moja kila zinapotokea, na uangalie pia mstari wa kwanza wa INVITE, maana husahaulika. Call-ID na tagi ziache zilivyo, kwa kuwa bila hizo hakuna atakayeweza kukuoanishia chochote.